Wekundu kukata si jicho kupona

Wiki hii tena. Mama kaja na kichupa cha matone ya macho, deksamethasoni (ni steroidi) iliyochanganywa na neomaisini, kakinunua duka la dawa, na maneno ni yaleyale: "Daktari, hii ilinisaidia, wekundu ulikata siku ya pili." Nikaweka fluoresini, rangi inayoonyesha kidonda cha jicho, nikawasha taa ya bluu. Virusi vya herpes. Vile vidonda vyake vyenye umbo la matawi vimeshaungana, kidonda kimetanda kama ramani katikati ya konea, kioo cha mbele cha jicho.

Jamani, wekundu si ugonjwa! Ni kinga ya mwili ikiwa kazini. Steroidi inaizima kinga hiyo, jicho linatulia, na virusi vinabaki na konea bila wa kuvizuia. Neomaisini ni ya bakteria, virusi haiviwezi. Hata maumivu yakipungua mimi situlii, kwa sababu herpes hufisha hisia za konea. Nikiigusa kwa ncha ya pamba, wengine hawapepesi.

Wanaomeza prednisoloni, nayo ni steroidi, kwa ajili ya lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) au figo ya kupandikizwa wana hatari zaidi: kidonda kwao hukawia kupona, na huweza kushika macho yote mawili. Tena wapo ambao virusi vya sitomegalo huwala retina, utando wa nyuma unaopokea picha, huku jicho kwa nje ni jeupe kabisa. Ukiona vidoa vinaelea au kivuli pembeni, njoo siku hiyohiyo. Lakini vidonge usiviache ghafla: tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimeshalala, presha inaweza kushuka ukapoteza maisha. Atakayevipunguza ni daktari aliyekuandikia.

Linalowachanganya watu, hata wenzangu, ni kwamba mimi mwenyewe huandika steroidi kwa herpes. Virusi vikishachokoza tabaka la ndani, na ngozi ya juu ya konea ni nzima, kinachotia kovu zaidi ni kinga yenyewe. Utafiti wa Marekani uliotolewa 1994 ulionyesha kuwa hapo matone ya prednisoloni husaidia, mradi yaambatane na dawa ya virusi. Kuyapunguza ndiko kunakoninyima usingizi. Ratiba ninayo, lakini nimewahi kupunguza mapema jicho likawaka upya, na nimewahi kuchelewa presha ya jicho ikapanda. Kila mgonjwa napima upya, na bado nasita.

Kwa mama yule hakukuwa na la kusita, kidonda kiko kwenye ngozi ya juu ya konea. Kichupa nimebaki nacho. Amepewa asikloviri ya kupaka, mara 5 kwa siku, na Ijumaa namwangalia tena.