Mwanga Uko Juu, Mbolea Iko Chini: Mlango wa Kuingilia Sayansi ya Bahari

Watu wengi wakiona bahari ya buluu iliyokolea, yenye maji maangavu kiasi cha kuona mita 20 chini, huvutiwa. Sisi tunaofanya kazi ya sayansi ya bahari tukiyaona maji hayo tunajua kwamba hapo pana njaa. Yamekuwa maangavu kwa sababu hakuna vitu vingi vinavyoelea ndani yake, na vinavyokosekana ndivyo chakula. Maji yenye ukijani, ambayo mpiga picha huyapita bila kugeuka, mara nyingi ndiyo yenye samaki. Wanafunzi wanaoanza somo hili huwa nawaanzishia na swali hilo la rangi, kwa kuwa anayeweza kulijibu vizuri ameshapata ufunguo wa milango mingi.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Bahari imefunika takribani asilimia 71 ya uso wa dunia, na kina chake cha wastani kinakaribia mita 3,700. Mahali pa kina kuliko pote, katika Mfereji wa Mariana magharibi mwa Pasifiki, panafika karibu mita 10,900. Jacques Piccard na Don Walsh walishuka huko Januari 1960 ndani ya chombo kilichoitwa Trieste. Ramani za shuleni huigawa bahari kwa majina, Pasifiki, Atlantiki, Hindi na nyinginezo, lakini maji ni mamoja. Maji yanayozama kaskazini mwa Atlantiki husafiri vilindini kwa karne nyingi kabla ya kuliona jua tena upande mwingine wa dunia. Kila kilo ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi, nyingi ikitokana na miamba ya nchi kavu inayoliwa na mvua na kusombwa na mito. Chumvi huyafanya maji kuwa mazito, na baridi nayo vilevile. Uzito huo ndio unaoyapanga maji katika matabaka, kwa hiyo tutaurudia.

Jua nalo halifiki mbali. Rangi nyekundu humezwa katika mita chache za juu, na buluu ndiyo inayopenya zaidi. Ndiyo maana maji yasiyo na kitu huonekana ya buluu. Ukifika mita 200, mwanga uliosalia hautoshi kiumbe kujitengenezea chakula. Kuanzia mita 1,000 ni giza tupu. Linganisha hizo 200 na kina cha wastani nilichokitaja, utaona kwamba sehemu kubwa kabisa ya bahari haijapata kuguswa na mchana.

Katika utando huo mwembamba wa juu wanaishi fitoplanktoni. Planktoni ni kila kiumbe anayechukuliwa na maji kwa kuwa hana nguvu za kushindana na mkondo, hata konyeza mkubwa yumo humo. Fitoplanktoni ni wale wanaofanya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, kama yafanyavyo majani ya mti, na wengi wao huwaoni bila hadubini. Aina moja ya bakteria, Prochlorococcus, ni ndogo kiasi kwamba wanasayansi hawakuitambua hadi miaka ya 1980, ingawa imejaa katika bahari zote za joto. Weka misitu, mashamba na nyasi zote za nchi kavu upande mmoja wa mizani, uweke vijiumbe hivi upande wa pili, kisha upime usanisinuru: mizani inakaribia kulingana.

Lakini kama mmea wowote, fitoplanktoni huhitaji mbolea: naitrojeni, fosforasi, na chuma kidogo. Kiumbe akifa, au akitoa kinyesi, mabaki huzama yakiwa na mbolea yake. Bakteria huyaozesha gizani, na mbolea hubaki hukohuko. Basi juu kuna mwanga lakini hakuna mbolea, na chini kuna mbolea lakini hakuna mwanga. Katika bahari za joto hali ni ngumu zaidi, maana maji ya juu yaliyopashwa na jua ni mepesi, nayo hukaa juu ya maji mazito ya baridi bila kuchanganyika. Kati yake kuna tabaka ambamo joto hushuka kwa ghafla, liitwalo themoklaini, na tabaka hilo hufanya kazi ya kifuniko. Karibu kila habari kubwa ya viumbe wa baharini ni habari ya namna mwanga na mbolea vinavyokutanishwa.

Mahali pengi anayekifungua kifuniko ni upepo, tena kwa njia ambayo mtu hawezi kuibuni akiwa amekaa. Kati ya 1893 na 1896, Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha meli yake, Fram, inaswe na barafu ya Aktiki makusudi ili aone itachukuliwa wapi. Aliona kwamba barafu haikuufuata upepo sawasawa, bali ilipinda kuelekea kulia kwake. Maelezo ya kihesabu yalitolewa mwaka 1905 na Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi. Kwa kuwa dunia inazunguka, tabaka la juu la maji linaposukumwa hupinda. Nalo huliburuta tabaka la chini yake, ambalo hupinda zaidi, na kuendelea hivyo. Ukijumlisha matabaka yote, maji husogea kwa pembe mraba na upepo: kulia katika nusutufe ya kaskazini, kushoto katika nusutufe ya kusini.

Sasa itazame pwani ya Peru. Upepo wake huvuma kuelekea kaskazini, sambamba na ufuo. Kushoto kwa upepo huo ni magharibi, yaani bahari kuu. Maji ya juu huondoka ufuoni, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini, yamejaa mbolea. Dayatomu, fitoplanktoni wenye maganda mfano wa kioo, huzaana kwa siku chache tu, na anchoveta, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, hushiba. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 10 za samaki huyo. Mwaka 1972 El Niño ilileta maji ya joto na kukisukuma kifuniko chini zaidi. Upepo ukawa unapandisha maji yasiyo na mbolea. Samaki walikuwa tayari wamevuliwa kupita kiasi, na uvuvi ukaporomoka.

Viumbe wenyewe nao ni wachukuzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabaharia waliotumia sona, kifaa kinachotuma sauti majini na kusikiliza inavyorudi, walipata mwangwi wa kitu kilichofanana na sakafu ya bahari, ila sakafu hiyo ilipanda jioni na kushuka alfajiri. Walikuwa krili wanaofanana na uduvi, ngisi na samaki wadogo wenye viungo vinavyong'aa, makundi kwa makundi. Hupanda kula gizani, kisha hushuka kujificha wasionwe mchana. Huo ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, nao hutokea kila siku. Wao huteremsha chakula; nyangumi mwenye kuwinda ngisi vilindini na kunya juu hupandisha mbolea.

Kabla ya 1977 mwalimu angeweza kusema bila wasiwasi kwamba chakula chote cha bahari huanzia kwenye jua. Mwaka huo nyambizi ndogo ya utafiti, Alvin, ilishuka karibu mita 2,500 jirani na visiwa vya Galápagos. Msafara ule ulitafuta chemchemi za moto na haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Chemchemi zilipatikana, na kandokando yake chaza wakubwa na minyoo wa kwenye mirija. Mnyoo huyo hufikia mita 2 na hana mdomo wala utumbo. Ndani yake wamejaa bakteria wanaotumia hidrojeni salfaidi inayotoka ardhini kutengeneza chakula, kazi ambayo huku juu hufanywa kwa mwanga. Hata hivyo bakteria hao huhitaji oksijeni, na oksijeni hiyo ilitengenezwa juani na fitoplanktoni.

Matumbawe yana suluhisho lao. Hustawi katika maji yaleyale maangavu yenye njaa kwa sababu ndani ya mwili wa kila mnyama wa tumbawe mnaishi miani midogo: mwani humpa sukari, yeye humpa mbolea kutoka kwenye taka zake, na hakipotei kitu. Joto likizidi hata kwa nyuzi chache, ushirika huvunjika, miani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe.

Joto hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana hasa na hewa ya ukaa tunayoiongeza angani limeingia baharini. Joto huanza kupasha maji ya juu, nayo yakizidi kuwa mepesi, kifuniko huzidi kuwa kigumu. Upepo uleule sasa una kazi kubwa zaidi ya kufanya.

Wanafunzi mnaweza kuanza kupima leo, baharini au hata ziwani. Mwaka 1865 padri na mwanaastronomia wa Italia, Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe katika Mediterania na kuandika ilipotelea kina gani. Chukueni duara jeupe la sentimita 30, lifungieni uzani na kamba yenye alama kila nusu mita. Mkiwa na mwalimu gatini, literemsheni upande wa kivuli karibu na saa sita mchana. Andikeni kina lilipopotea, kisha kina lilipoonekana tena mkilivuta, na mchukue wastani. Andikeni pia rangi ya maji, kwa kuwa tope la mto hulificha duara sawa na fitoplanktoni. Rudieni mahali palepale kila wiki, na msisahau kuandika upepo ulivuma kutoka wapi siku mbili tatu zilizotangulia.