Sindano ya kiuno: uliza kwanza inachomwa wapi

Kila msimu wa mavuno kliniki ya mifupa hapa Dodoma hujaa. Wanakuja wabeba magunia wa Kibaigwa, wakulima wa zabibu, bodaboda. Wengi wanafika na ombi moja: "Daktari, nichome ile sindano ya kiuno." Ipi? Ile aliyochomwa jirani akapona. Jirani yako huenda alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa.

Maumivu ya viungo vidogo vya nyuma ya pingili za uti wa mgongo hukaa kiunoni na matakoni, aghalabu hayavuki goti. Hapo tunaweza kuchoma steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na ganzi ndani ya kiungo chenyewe. Nafuu, ikija, ni ya wiki au miezi michache, na ushahidi wake si mzito. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, hauishauri kwa maumivu ya kiuno peke yake. Kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga nacho kina sindano yake. Maumivu yanayoteremka mguuni kama shoti ya umeme ni ya neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, nayo huchomwa kwingine.

Halafu kuna sindano ya ganzi kwenye vineva vinavyopeleka maumivu ya kiungo. Hii ni kipimo. Nasema tena, kipimo, maana kuna wanaorudi wakilalamika kwamba "imeisha nguvu jioni ile ile". Ndivyo inavyotakiwa! Maumivu yakipungua sana kwa saa hizo chache, tumejua chanzo, na hapo ndipo tunafikiria kuviunguza vineva hivyo kwa joto la mawimbi ya redio. Wanaonufaika hupata nafuu ya miezi 6 hadi 12, wengine zaidi, kisha vineva huota upya. Vifaa vyake havipatikani kila hospitali.

Utaratibu ni huu. Anzia zahanati au kituo cha afya, upewe rufaa. Njoo na karatasi ya rufaa, kadi ya bima, picha zote ulizopiga na dawa zote unazomeza, zikiwa kwenye maboksi yake. Uliza bima kabla ya siku ya miadi kama huduma hiyo inalipiwa. Utasaini fomu ya ridhaa. Isome, na usipoelewa usisaini. Taja kisukari, kwa sababu steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Taja dawa za kuzuia damu kuganda, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Mwenye homa au jipu ataahirishwa. Sindano yenyewe huongozwa na eksirei au ultrasaundi, haichomwi kwa kupapasa.

Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kumchoma mtu sindano yoyote. Anayefanya hivyo anahatarisha kibali chake, duka linaweza kufungwa, na wewe unaweza kuumizwa neva kubwa ya mguu kwa diklofenaki iliyochomwa vibaya takoni. Hiyo ya takoni, kwa taarifa yako, haiingii kwenye kiungo chochote.

Ukipoteza nguvu miguuni, ukifa ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia haja, usisubiri miadi ya sindano wala rufaa. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo.