Diski za zamani kwenye magari ya kale: maneno ya gereji na ukweli wake

Katika miaka ya 1960, magari mengi ya Marekani na Uingereza yalikuwa bado yanatoka kiwandani na breki za dramu mbele na nyuma, yaani brekishuu zinazosukumwa kwa ndani dhidi ya ngoma inayozunguka na gurudumu. Mwenye gari aliyetaka breki za diski alinunua seti ya dukani: kaliperi mbili (vishikio vyenye pistoni vinavyoibana diski kwa pedi), diski mbili, mabano ya kuzishikia na mipira ya oili. Seti hizo ndizo zinazoibuka leo kwenye maboksi ya stoo, zimeshika kutu, hazina maelekezo, na wapenzi wa magari ya kale wanazigombania. Wana haki. Kwangu mimi, kaliperi ya enzi hizo iliyofufuliwa vizuri ina thamani kuliko seti mpya inayong'aa. Lakini maneno mengi yanayozifuata seti hizi ni ya hatari, na karibu yote yanatokana na kosa moja: mtu kudhani kaliperi ndiyo breki. Breki inaanzia kwenye pedali na kuishia kwenye tairi. Ukibadilisha kipande kimoja katikati, umegusa vyote.

“Diski ni za magari ya kisasa, kuzifunga ni kuharibu uasilia.”

Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski Uingereza mwaka 1902. Mwaka 1949 Chrysler ilizifunga aina yake kwenye Crown Imperial, na Crosley, kampuni ndogo ya Marekani, ikaweka diski zenye kaliperi kwenye Hotshot. Za Crosley hazikudumu, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu ilizigandisha. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ikashinda mbio za Le Mans ikiwa na diski za Dunlop magurudumu yote manne. Citroën DS ikaja nazo mbele mwaka 1955, na Triumph TR3 mwaka 1956. Kwa hiyo gari la 1962 lililofungwa seti ya diski mwaka 1966 halikuharibiwa, lina historia yake halali. Ninachokataa mimi ni kukata na kuchomelea ekseli au stabu (kipande kinachobeba habu ya gurudumu) ili kaliperi ikae. Seti nzuri hufungwa kwa boliti, na dramu za awali huhifadhiwa kwenye boksi pamoja na brekishuu zake.

“Ukifunga diski, gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi.”

Hii ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Ukikanyaga breki mara moja, barabara kavu, gari likiwa limepoa, dramu zilizorekebishwa vizuri zinaweza kufunga magurudumu yote, yaani kuyazuia yasizunguke kabisa. Gurudumu likishafunga, kinachoamua umbali ni tairi na lami. Diski haiwezi kuongeza mshiko ambao tairi haina. Mtu aliyefunga diski juu ya tairi nyembamba zilizokauka, zenye umri wa miaka kumi na tano, amenunua kitu ambacho hataweza kukitumia.

Faida ya diski inaonekana kwenye joto na maji. Chukua gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Kulisimamisha ni kugeuza takriban kilojuli 463 kuwa joto. Gari hilo hilo likishuka mlima wa mita 500 kwenda chini bila kuongeza mwendo, nguvu ya kuzuiwa ni karibu kilojuli 5,900, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 zaidi ya mara kumi na mbili mfululizo. Injini hubeba sehemu ukishuka na gia ndogo; kinachobaki kinaingia kwenye breki. Dramu ikipata moto hutanuka na kukimbia brekishuu, kwa hiyo pedali inazidi kwenda chini. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi, na hewa inaipiga waziwazi pande zote mbili. Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga au Mai Mahiu nyuma ya lori linalonuka breki ameshaiona tofauti hiyo bila kufungua kitabu. Vilevile ukivuka dimbwi, dramu hubaki na maji ndani wakati diski huyatupa nje kwa mizunguko michache.

“Kaliperi ikisafishwa na kupakwa rangi, imepona.”

Rangi ni ya nje. Kazi yote iko ndani, mahali ambapo macho hayafiki mpaka pistoni itoke.

Kwenye kaliperi nyingi, pistoni inazungukwa na sili ya mpira yenye umbo la mraba, iliyokaa kwenye mfereji uliochongwa ukutani. Ukikanyaga pedali, pistoni husogea mbele na sili hupinda pamoja nayo bila kuteleza. Ukiachia, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi nyingine. Huo mnyumbuko wa mpira ndio unaoachanisha pedi na diski. Sasa fikiria mfereji umejaa kutu iliyoganda nyuma ya sili. Sili inasukumwa nje, inaibana pistoni kupita kiasi, na haijinyooshi tena. Utafunga sili mpya kabisa, na pedi itaendelea kusugua mpaka habu ishindwe kushikika kwa mkono. Mfereji unatakiwa kusafishwa kwa kijiti cha mbao au shaba laini, polepole, mpaka chuma kionekane. Bisibisi huacha mikwaruzo, na mkwaruzo ni njia ya kuvujia.

Kabla ya kufungua chochote, jua kaliperi yako ni ya aina gani, maana si zote hufanya kazi hivyo. Kaliperi za Dunlop za miaka ya 1950 zina pini ya chuma katikati ya pistoni inayoirudisha nyuma, na pini hiyo ikigandamana, sili mpya haitasaidia kitu. Corvette ya 1965 ilikuja na kaliperi za pistoni nne zenye sili za mdomo, na springi nyuma ya kila pistoni. Diski ikiyumba kidogo tu, pistoni zinatikisika ndani na nje, na sili hizo huvuta hewa kutoka nje. Mwenye gari anatoa upepo kwenye oili leo, baada ya wiki pedali imelegea tena, anabadilisha masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedali) bure. Kaliperi hizo hizo zilijulikana kwa kuliwa na kutu ukutani mwa silinda. Dawa iliyokubalika ni kuzichonga na kuingiza bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu. Ni kazi ya karakana yenye mashine ya kukereza. Ukuta wenye mashimo hauponi kwa msasa: ukiusugua mpaka yaishe, umeshautanua.

Pistoni yenyewe ikiwa na vidoa vya kutu kwenye kromu, itupe na utafute ya chuma kisichoshika kutu. Na kuitoa pistoni iliyoganda kwa upepo wa kompresa ni mchezo mbaya: inaruka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Tumia pampu ya grisi iliyofungwa kwenye tundu la oili, au presha ya breki za gari lenyewe kabla hujaikata paipu. Ukitumia grisi, isafishe yote kabla ya kufunga sili mpya.

“Masta silinda ya dramu inatosha, oili ni ile ile.”

Hapana, na sababu ni kadhaa. Masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo kwenye tundu la kutokea, inayobakiza presha ya karibu psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwenye paipu ili vikombe vya mpira vya silinda za magurudumu visilegee. Brekishuu zina springi kali za kuzirudisha, kwa hiyo psi 10 hazizisumbui. Pedi za diski zina ule mpira tu. Zitabaki zimeshika diski safari nzima. Vali hiyo itolewe kwenye njia ya diski. Kama masta silinda iko chini ya sakafu, chini kuliko kaliperi, inawekwa ya psi 2 ili oili isirudi yenyewe.

Halafu kuna kipenyo. Dramu nyingi hujisaidia: mzunguko wa dramu huivuta brekishuu ya mbele na kuikandamiza zaidi. Diski haina msaada huo, inahitaji presha kubwa zaidi kutoka mguuni. Masta silinda ya inchi 1 ukiibadilisha kwa ya inchi 7/8, presha inapanda kwa karibu asilimia 31 kwa mguu ule ule, na pedali inakwenda chini zaidi kwa kiwango hicho hicho. Ukipunguza mno, pedali inagusa sakafu kabla pistoni kubwa za kaliperi hazijajaa. Lazima upige hesabu, si kukisia. Angalia pia kibakuli cha oili. Pedi zinavyoliwa, pistoni zinatoka nje na oili inazifuata, kwa hiyo kibakuli kidogo cha dramu kinaweza kukauka pedi zikiwa bado zina unene.

Na nyuma je? Ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi na kufunga mapema, gari linageuka mkia. Wengine hukimbilia kufunga diski nyuma pia na kulizidisha tatizo. Vali ya kupunguza presha ya nyuma ni kitu cha bei ndogo kinachookoa maisha. Na ukiwa tayari umefungua mfumo, weka masta silinda ya njia mbili. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia 1968, ili paipu moja ikipasuka, ekseli moja ibaki na breki.

“Bila busta diski hazifai.”

Triumph TR3 na MGB za mwanzo zilikuwa na diski mbele bila busta, kile kifaa cha kuusaidia mguu kukanyaga, na zilisimama vizuri. Uwiano wa pedali na kipenyo cha masta silinda ndivyo vinavyoamua. Ukiweka busta, kumbuka inategemea tofauti kati ya hewa ya nje na uvutano (vakyumu) wa injini. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya nje ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18, na msaada wa busta unapungua nayo. Kamshafti ya mashindano (mhimili unaofungua vali za injini), yenye uvutano dhaifu, inauondoa mwingine.

“Oili ya breki ni oili tu.”

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, ambavyo ni viwango vya oili ya breki, ni za jamii moja: hunyonya unyevu hewani, hasa pwani, na kiwango chake cha kuchemka kinashuka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishaingia maji, kiwango hicho ni 155. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine, hata kama namba inafanana na 5.1. Oili ya injini au petroli kwenye sili za kawaida za breki ni uharibifu: mpira unavimba na kuwa laini kama ugali. Citroën DS ni dunia yake. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 hutumia LHM, oili ya kijani ya madini, na kuweka DOT humo kunaua sili zote.

“Diski yenye matundu ni bora.”

Matundu yanapunguza chuma kinachobeba joto, na nyufa huanzia hapo. Kwa gari la barabarani, diski nzima, nene kuliko kiwango cha chini kilichochapwa pembeni, isiyoyumba zaidi ya milimita 0.1, ndiyo ninayoichagua.

“Pedi za zamani ambazo hazijatumika ndizo bora kuliko zote.”

Tafadhali, usizifunge. Pedi na brekishuu za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Usipulize dramu kuukuu kwa kompresa, usipige msasa pedi hizo. Lowesha, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko wa plastiki na utupe. Fundi kijana anayeinama juu ya gurudumu hana namna ya kujua alichokivuta. Nyenzo mpya za kufunikia vibao vile vile vya zamani zinapatikana, na zinashika vizuri.

“Seti ikiingia kwenye boliti, basi ni ya gari hilo.”

Volkswagen ilipoweka diski mbele kwenye Beetle 1500 ya Ulaya mwaka 1966, ilibadilisha pia boliti za gurudumu: kutoka 5 kwenye duara la milimita 205 hadi 4 kwenye duara la milimita 130. Anayefunga diski hizo kwenye Beetle ya zamani zaidi bila kugusa nyuma anakuwa na rimu za aina mbili na tairi moja tu ya akiba. Kwenye magari mengine rimu ya dramu inagusa kaliperi, au mpira wa oili unavutika usukani ukikatwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla gari halijashuka kwenye jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono, kata usukani pande zote mbili huku mwenzako akishika tochi, na hakikisha nipeli za kutolea upepo ziko juu ya kaliperi. Kaliperi ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli inakuwa chini, hewa inakwama juu, na hakuna kiasi cha kupampu pedali kitakachoitoa. Baada ya hapo kanyaga kwa nguvu zote kwa dakika moja gari likiwa limesimama na uangalie kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, gari halitoki gereji siku hiyo.