Maana ya kufunza modeli za picha za tiba kwa lebo chache

Kufunza modeli kwa lebo chache ni kuifundisha programu ya kompyuta kusoma picha za tiba, kama vile eksirei, picha za CT (zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) au za retina ya jicho, ilhali ni sehemu ndogo tu ya picha hizo iliyokwisha kutiwa alama na mtaalamu. Aghalabu kinachopungua si picha zenyewe, kwani hospitali kubwa huzihifadhi kwa maelfu, bali ni lebo, yaani maelezo yanayoiambia modeli kwamba hapa pana uvimbe na pale hapana. Kazi hiyo hapewi mtu yeyote tu: anayechora mpaka wa uvimbe wa ubongo, kipande baada ya kipande, hana budi kuwa daktari aliyebobea, na hata mabingwa wawili huweza kuuchora mpaka huohuo kwa namna mbili. Katika utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu madhara ya kisukari kwenye retina, picha zipatazo 128,000 zilipitiwa na madaktari 54, kila picha ikisomwa mara 3 hadi 7. Ni wachache wanaoumudu mzigo huo.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kuhamisha ujuzi: modeli hufunzwa kwanza kwa picha za kawaida za wanyama, magari na vyombo, ambazo lebo zake ni nyingi na rahisi kupatikana, kisha hunolewa kwa picha chache za tiba. Vilevile inaweza kufichiwa sehemu ya picha isiyo na lebo na kutakiwa iibashiri, ikazoea maumbo ya viungo kabla ya kuona lebo hata moja.

Wengine huzalisha picha mpya kutokana na zilizopo, kwa kuzizungusha, kuzikuza au kuzipinda kidogo. Mtandao wa U-Net (aina ya modeli ya kuchanganua picha), uliobuniwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015, uliweza kutenga tando za seli baada ya kufunzwa kwa picha 30 tu za hadubini ya elektroni, na wabunifu wake walitegemea sana upindaji huo. Hata hivyo, si kila geuzo linafaa. Eksirei ya kifua ikigeuzwa kushoto kulia, moyo huonekana upande wa kulia, hali ambayo kwa binadamu ni nadra na ina maana yake kitabibu.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi haimo katika kufunza bali katika kupima. Picha za mgonjwa mmoja zikiangukia pande zote mbili, za kufunzia na za kupimia, modeli huweza kumtambua mgonjwa badala ya ugonjwa, na alama zake zikapanda bila sababu. Ndiyo maana mgawanyo hufanywa kwa wagonjwa, si kwa picha, na lebo zilizohakikiwa na zaidi ya daktari mmoja huwekwa kando kwa ajili ya kupimia, hata kama za kufunzia zitazidi kupungua.