Siku thelathini bila nyama: mwezi mmoja unapima nini hasa?

Swali huja hivi: "Daktari, nikiacha nyama mwezi mzima nitaona tofauti gani?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, ila kusahihisha hilo nilishachoka. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijibu kwa yale niliyoyasoma. Mwaka jana nikaona haya kuendelea kuwaelekeza watu njia ambayo sijaipita, nikaacha nyama, kuku na samaki kwa siku 30. Mayai na maziwa sikuyaacha.

Kabla sijaendelea tuelewane kwenye neno, maana Kiswahili chetu kina mtego hapa. Mboga ni majani, na mboga vilevile ni kitoweo chochote, hata kikiwa cha nyama. Mtu akisema "mboga ya leo ni samaki" hakuna anayeshtuka. Hapa ninaposema mlo wa mboga nina maana ya mlo usio na mnyama, ndege wala samaki. Wapo wanaoacha pia mayai, maziwa na asali. Hao ni vigani, jina lililobuniwa Uingereza mwaka 1944, karibu miaka mia moja baada ya Vegetarian Society, chama cha wasiokula nyama, kuundwa hukohuko mwaka 1847. Mahitaji yao ni makali zaidi, na mengi ninayoyaandika hapa hayawatoshi.

Kitu nilichotaka kukijua si kama mlo huu ni mzuri. Ukipangwa vizuri, mtu mzima mwenye afya anaishi nao bila shida, na hilo halina ubishi mkubwa katika fani yangu. Nilitaka kujua mwezi mmoja unaweza kukuambia nini. Mwili haubadiliki wote kwa mwendo mmoja. Bakteria wa utumbo hubadilika ndani ya siku chache ukibadilisha chakula. Lehemu ya damu, yaani kolesteroli, huanza kuonyesha tofauti baada ya wiki chache. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kwa hiyo siku ya thelathini nyingi ulizo nazo zilitengenezwa ukiwa bado unakula nyama. Akiba ya vitamini B12 kwenye ini inaweza kumtosha mtu kwa miaka. Ndiyo maana anayeniambia "nilijaribu mwezi, nikapima damu, iko safi, kwa hiyo sihitaji chochote" huniacha nikitabasamu tu. Amepima akiba ya mwaka juzi.

Wiki ya kwanza nilishikwa na njaa. Nilifanya kosa lilelile ninalowakataza wengine: nilitoa nyama kwenye sahani, nisiweke kitu mahali pake. Ukabaki wanga na majani. Saa nne asubuhi tumbo linanguruma, saa kumi jioni nasaka biskuti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hivyo mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina kama gramu 9, yai moja 6, kikombe cha maziwa 8. Majani mengi ya kijani yaliyopikwa, kwa uzito huohuo wa gramu 100, hayavuki gramu 3 au 4. Majani ni mazuri kwa mengine, lakini nafasi ya nyama hayaizibi. Inazibwa na jamii ya kunde: maharage, dengu, choroko, njegere, soya. Nilipoanza kupakua kunde kwanza na wanga baadaye, njaa ya saa nne iliisha siku ya pili yake.

Hapo ndipo watu huuliza kama protini ya mimea "imekamilika", yaani kama ina za kutosha zile amino asidi, matofali ya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka zina upungufu wa amino asidi iitwayo lisini, kunde zina upungufu wa nyingine iitwayo methionini, na kila moja inajaza pengo la mwenzake. Wengi tulifundishwa kwamba lazima vikutane kwenye sahani moja. Si lazima. Mwili una hazina yake ya amino asidi na hausahau ulichokula asubuhi. Ukila vyote viwili ndani ya siku inatosha. Frances Moore Lappé, mwandishi wa Marekani aliyelieneza wazo hilo la kuchanganya mwaka 1971, alilirekebisha mwenyewe katika toleo la kitabu chake la miaka kumi baadaye. Cha ajabu, marekebisho hayakusafiri kama lilivyosafiri kosa.

Wiki ya pili ilikuwa ya gesi. Niseme wazi tu, maana wengi huacha jaribio hapa na kunidanganya kwamba walikosa muda wa kupika. Kunde zina sukari kama rafinosi na stakiosi ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika utumbo mpana, na bakteria wanazishangilia. Gesi ndiyo shangwe yenyewe. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pikia maji mapya. Sehemu ya sukari hizo inaondoka na maji. Kubwa zaidi, anza na vijiko vichache kwa siku. Mimi niliruka kutoka karibu sifuri hadi bakuli mbili, nikalipia.

Na kama ni maharage mekundu makubwa, usifanye mzaha na moto. Yana lektini, protini yenye sumu, kiasi kwamba punje nne au tano mbichi zinaweza kukutapisha. Yachemke kweli, povu juu, kwa dakika 10 kwa uchache kabisa, kisha yaendelee hadi yaive. Sufuria za umeme zinazopika polepole bila kufikia mchemko haziivunji sumu hiyo.

Madini ya chuma ndiyo sehemu iliyonibadilisha kweli. Sehemu kubwa ya chuma cha nyama huja kimefungwa ndani ya himu, molekuli inayobeba chuma kwenye damu na misuli, na mwili huchukua kati ya asilimia 15 na 35 yake. Chuma cha mimea hakina kifungashio hicho. Kinachopatikana huyumba sana, pengine asilimia 2, pengine 20, kutegemea kimeandamana na nini. Fitati za nafaka na kunde hukishika. Tanini za chai na kahawa hukishika. Vitamini C hukiachia, kwa sababu hukigeuza kuwa katika umbo ambalo utumbo unaweza kulipokea. Kwa hiyo bakuli la dengu lenye ndimu na nyanya, na bakuli lilelile likishushiwa chai nzito, ni milo miwili tofauti hata kama jedwali la virutubisho linasema ni sawa. Wataalamu wa Marekani hukadiria kwamba wasiokula nyama wanahitaji chuma mara 1.8 ya wanaokula. Kwa mwanamke mwenye umri wa kupata hedhi, ambaye kiwango chake cha kawaida ni miligramu 18 kwa siku, hilo si jambo dogo. Ukitaka kupima, omba feritini, ambayo ni akiba, usiishie kwenye himoglobini. Himoglobini hushuka mwisho, akiba ikishaliwa.

Nami ni mtu wa chai. Kikombe kilikuwa kikifika mezani pamoja na sahani, bila mjadala.

Kuhusu B12 nina ugomvi na baadhi ya wenzetu mtandaoni wanaosema "asili ina kila kitu". Vitamini hii haitengenezwi na mmea wala mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kwa wale walioko tumboni mwake, nasi tunaipata kwake. Mwaka 1926 madaktari wa Marekani George Minot na William Murphy walionyesha kwamba wagonjwa wa aina fulani ya upungufu wa damu, waliokuwa wakifa, walipona wakilishwa ini kwa wingi kila siku, na miaka minane baadaye wakapewa Nobel pamoja na George Whipple. Kilichokuwa ndani ya ini kilitengwa mwaka 1948, na ndiyo B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Mayai na maziwa yanasaidia. Vigani lazima watumie kidonge au vyakula vilivyoongezewa, na mwani wa spirulina wasiutegemee, maana kilichomo kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana na B12 lakini mwili hauwezi kukitumia.

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Majani na kunde vina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti nyingi inaweza kuifanya damu ionekane sawa huku B12 ikiendelea kupungua na mishipa ya fahamu ikiharibika kimyakimya: ganzi ya miguu, kusahau, kupepesuka. Anayetumia metformini kwa kisukari yuko karibu zaidi na shimo hilo, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12 hata kwa mla nyama.

Wiki ya tatu nikaanguka kwenye jibini. Jibini gumu la kawaida, theluthi moja ya uzito wake ni mafuta, na mengi kati ya hayo ni yale yanayoganda. Kila mlo nilioona "umepooza" niliunyunyizia. Baadaye nikagundua sikuwa natamani nyama, nilikuwa natamani ladha ile nzito ambayo Kikunae Ikeda, mkemia wa Kijapani, aliipa jina la umami mwaka 1908. Uyoga uliokaangwa hadi ukakauka, nyanya zilizopikwa hadi zikawa rojo na mchuzi wa soya vina ladha hiyo hiyo. Jibini likarudi kuwa kiungo. Na nisisahau: chipsi na soda pia havina nyama.

Nilipima lehemu kabla na baada. Ile mbaya ilishuka, na sababu ninaijua: mafuta yanayoganda yalipungua, nyuzinyuzi zikaongezeka. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hushika asidi za nyongo na kutoka nazo, ini likalazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Lakini ningekula mwezi mzima nyama kidogo na maharage mengi pengine ningeona karibu yaleyale. Kuhusu uzito sina la kusema. Ulipungua kidogo, na mwezi wowote ninaoandika kila ninachokula hupungua.

Kuna watu nisiowaruhusu kuanza kabla hawajazungumza na anayewatibu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa majani mengi ya ghafla huleta vitamini K inayopingana na dawa. Mwenye figo dhaifu, kwa sababu kunde na mboga nyingi zina potasiamu ambayo figo zake hushindwa kuitoa. Mjamzito, na aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa damu.

Siku ya 31 nilikula nyama. Niliambiwa tumbo lingegoma kwa kuwa "limesahau", lakini vimeng'enya vinavyovunja protini ya nyama ndivyo vilevile vilivyokuwa vikivunja ya dengu mwezi mzima, na hakuna kilichotokea. Sasa nyama naila mara mbili hivi kwa wiki. Chai yangu nainywa saa moja baada ya kula, na bado naichukia saa hiyo ya kungoja.