Je, wajua kwa nini vilima vya Painted Desert vina mistari ya rangi?

Katika hifadhi ya taifa ya Petrified Forest, jimboni Arizona, Marekani, kuna sehemu ya jangwa la Painted Desert, na vilima vyake vikavu vina mistari myekundu, ya kijivu, ya buluu na ya zambarau, kama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi. Eneo hilo limelindwa tangu 1906, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1962.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa jua ndilo lililovichoma. Hapa Uganda matofali huingia tanuruni yakiwa ya kijivu, hutoka mekundu, nami nikalichukulia jangwa kuwa tanuru kubwa. Lakini tazama vilima vya Blue Mesa, ndani ya hifadhi hiyo: tabaka la buluu na la zambarau yamelaliana, yanapigwa na jua lilelile. Mbona liyape rangi mbili? Tena, pale mvua ilipochimba makorongo, mistari inaonekana ikiendelea hadi ndani ya kilima, gizani. Na joto la jua, hata la jangwani, haliukaribii moto wa tanuru. Rangi zilitangulia, jangwa limekuja baadaye.

Udongo ule uliletwa na mito zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, Arizona ikiwa karibu na ikweta, kama tulivyo sisi leo. Miti mikubwa ya wakati ule iligeuka mawe, na magogo yake yangali yamelala pale.

Siri ni chuma na hewa. Msumari ulioachwa uani hushika kutu. Chembe za chuma udongoni nazo hushika kutu penye hewa, udongo ukawa mwekundu. Ukizama majini muda mrefu, hewa haifiki, wekundu hutoka, hubaki kijivu au buluu.

Shuka bondeni Kampala, kwenye shimo la wafyatua matofali. Kilimani udongo ni mwekundu. Penye mafunjo, jembe huibua udongo wa kijivu. Pasua bonge moja: utaona nyuzi nyembamba za rangi ya kutu zikifuata njia za mizizi. Mafunjo hupeleka hewa mizizini, na hewa ilipopita, chuma kimeshika kutu. Rangi mbili za Arizona zimo kiganjani mwako!

Basi tabaka jekundu kwa kawaida ni ardhi iliyopata kukauka, la kijivu ni ardhi iliyokaa na maji. Nasema kwa kawaida, maana maji yapitayo chini ya ardhi huweza kubadili rangi hata baada ya tabaka kufunikwa.

Tanuru nalo hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka: moto na hewa hukirudishia wekundu chuma kilichokuwa kimelala kinamasini.