Zafarani ya malishoni si zafarani

Septemba ikiingia, kwenye bustani na malisho ya Ulaya huchomoza maua ya zambarau hafifu, yametoka ardhini moja kwa moja bila jani hata moja. Mmea huo ni Colchicum autumnale, yaani kolchikamu. Waingereza huuita autumn crocus, yaani krokasi ya majira ya majani kupukutika, na wengine huuita meadow saffron, zafarani ya malishoni. Majina hayo yote yanauingiza katika ukoo usio wake. Hilo la pili linanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa Mswahili aliyekulia kwenye nyumba ya biriani, akisikia kwamba uani kwake pameota zafarani, atafikiria jiko kabla ya kufikiria sumu.

Zafarani tuipikayo ni nyuzi nyekundu za Crocus sativus, mmea wa ukoo wa irisi. Nao huchanua majira hayohayo, kwa maua ya zambarau, na ndiyo maana majina yamechanganyika. Ukitaka kuzitofautisha, chungulia ndani ya ua uhesabu stameni, vile vijiti vyenye chavua: zafarani ina tatu, kolchikamu ina sita. Zafarani ina nyuzi tatu nyekundu iliyokoza, ambazo kolchikamu haina, na majani yake ni membamba kama nyasi. Majani ya kolchikamu ni mapana, ila huwezi kuyaona wakati wa maua.

Maisha ya mmea huu yamepinduliwa. Ua likinyauka, ovari, sehemu ya ua inayotunga mbegu, hubaki chini ya ardhi majira yote ya baridi. Machipuko yakifika, Machi au Aprili, ndipo majani hutoka, na kibumba cha mbegu kikiwa katikati yake. Kiangazi kikianza majani hukauka, na juu ya ardhi hakibaki kitu mpaka maua yarudi. Kwa hiyo anayeliona ua halioni jani, na anayeliona jani haoni ua la kumwambia amekutana na nini.

Na mmea huu una sumu, iliyoua watu zaidi kupitia jani. Ujerumani, Austria, Uswisi, Slovenia na Kroatia watu wengi huenda msituni majira ya machipuko kuchuma kitunguu saumu mwitu, Allium ursinum, ambacho huliwa majani yake kwenye supu na saladi. Majani hayo hufanana na ya kolchikamu, na mimea hiyo miwili yaweza kuota jirani. Familia zimekaa mezani kula mboga waliyochuma kwa mikono yao, na wengine hawakupona. Ushauri unaotolewa ni kusugua jani na kulinusa: la kitunguu hunuka saumu, la kolchikamu halinuki saumu. Ni ushauri mzuri kwa jani la kwanza tu. Baada ya hapo vidole vimeshika harufu, na kila utakalogusa litanuka saumu. Kitunguu mwitu hutoa kila jani kwenye kikonyo chake chembamba. Majani ya kolchikamu hayana kikonyo, hutoka pamoja yamekumbatiana. Hilo ndilo la kutazama, jani kwa jani.

Sumu yenyewe ni kolchisini. Imo katika mmea mzima, hasa mbegu na tunguu, ile sehemu nene iliyo ardhini. Kupika hakuiondoi, wala kukausha, ndiyo maana ng'ombe na farasi hudhurika hata wakila nyasi kavu zilizochanganyika nayo. Kolchisini hujishika kwenye protini iitwayo tubulini, ambayo seli huitumia kujenga nyuzi za kugawia kromosomu zinapojizidisha. Nyuzi zisipojengwa, seli haigawanyiki. Kwa hiyo huumia kwanza sehemu ambazo seli zake hujizidisha haraka: utumbo, uboho wa mifupa, mizizi ya nywele. Aliyekula hukaa saa kadhaa akijiona mzima. Kisha huja kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo, na katika siku zinazofuata damu, moyo, figo na mapafu vyaweza kushindwa kazi. Anayenusurika mara nyingi hunyonyoka nywele.

Uwezo huohuo wa kusimamisha seli umefanywa kazi ya manufaa. Wataalamu wa kuzalisha aina mpya za mimea hutumia kolchisini kuzidisha kromosomu mara mbili, na tikitimaji lisilo na mbegu ni tunda la kazi hiyo. Kwa wagonjwa, ni dawa ya zamani ya jongo: tabibu Alexander wa Tralles aliusifu mmea wa jamii hii kwa maumivu ya viungo katika karne ya 6, na mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou, walioipata kwinini mwaka huohuo, waliitenga kolchisini yenyewe. Vidonge vyake bado huandikwa na madaktari leo. Lakini kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua hakuna nafasi kubwa, na baadhi ya antibaiotiki, klarithromaisini mojawapo, huifanya irundikane mwilini. Asiyeandikiwa asiinywe, na tunguu la bustanini si mbadala wa kidonge.

Afrika Mashariki kolchikamu si mmea wa kwetu, ila ndugu yake tunaye: Gloriosa superba, ua linalotambaa, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kama ndimi za moto, na ncha za majani zinazojisokota kushika miti. Hupandwa kwenye bustani na huota porini pia. Kiazi chake kina kolchisini ileile, na huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kukidhania chakula.

Aliyekula sehemu yoyote ya mimea hii apelekwe hospitali papo hapo, hata akisema hajisikii kitu, kwa sababu saa za mwanzo ndizo ambazo makaa ya tiba yanaweza kunasa sumu kabla haijaingia kwenye damu. Dawa ya kuibatilisha haipatikani kwa kawaida hospitalini. Mpelekeni na jani, ua au mabaki ya chakula, daktari aone ni mmea gani.